Kuku Anataga, kwa Hiyo Hana Shida?

Ukipita Gerezani, jijini Dar es Salaam, kwa mafundi wa kuchomelea, au ukiingia kwenye maduka ya pembejeo yanayolizunguka Soko la Kariakoo, na ukaulizia keji ya kuku wa mayai, hutakosa kusomewa faida zake. Haichukui nafasi, mayai yanabingirika yenyewe hadi mbele yakiwa safi, kinyesi kinadondoka chini, chakula hakimwagiki, na mtu mmoja anahudumia mamia ya kuku. Ukithubutu kuuliza kama kuku mwenyewe anaenea humo ndani, jibu ni moja, na hutolewa kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuufunga mjadala: kuku akiteseka hatagi. Huyu anataga, kwa hiyo hana shida. Maneno hayo hayatoki kwa muuzaji peke yake siku hizi. Utayasikia kwa mfugaji wa Chanika na wa Kigamboni, kwa mwendesha semina za ujasiriamali, hata kwa mlaji ambaye hajawahi kuiona keji lakini anaijua vizuri bei ya trei. Mimi nasema si kweli, na uongo wake unapimika kwa futi kamba.

Tuanze na yai, maana ndilo shahidi anayeitwa kila mara. Kuku wa kisasa hatagi kwa kuwa ameridhika na makazi yake. Anataga kwa kuwa ameumbwa na mfugaji ili atage, na kwa kuwa amepewa mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, maji, na chakula chenye protini na madini ya kutosha. Kuku wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye ndiye babu wa kuku wote tunaowafuga, hutaga mayai machache kwa msimu kisha akaatamia. Mjukuu wake wa kahawia anayefugwa hapa Pwani amechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi akafika mayai 300 na zaidi kwa mwaka, na katika kuchagua huko aliyebakizwa ni yule asiyeacha kutaga hata mambo yakiwa magumu. Gamba la yai moja lina kama gramu mbili za madini ya chokaa, ilhali mwili mzima wa kuku una gramu kama 20 tu, karibu zote zikiwa mifupani. Maana yake ni kwamba kila yai linatoka na sehemu ya kumi ya akiba ya mwili, na akiba hiyo lazima irudi kutoka kwenye chakula. Isiporudi ya kutosha, mfupa ndio unaokopwa. Na mfupa, wa kuku kama wa binadamu, hujengwa pia kwa kutumika: asiyetembea, asiyeruka na asiyepiga mabawa mifupa yake hudhoofika hata akilishwa vizuri. Mwaka 1989 watafiti wa Uingereza, Gregory na Wilkins, waliwachunguza kuku wa keji waliomaliza muda wao wa kutaga. Karibu watatu katika kila kumi walikuwa na mfupa uliovunjika kabla ya kuchinjwa, wengi wao kwa sababu tu walishikwa, wakavutwa kutoka kwenye keji, wakasafirishwa na kutundikwa. Kuku hao walikuwa wakitaga karibu hadi siku walipotolewa. Kama yai ni cheti cha afya, basi cheti hicho kilikuwa kikitolewa kwa kiumbe ambaye mifupa yake haistahimili mkono wa mtu.

Lakini tuseme mtu hajali mifupa, anajali mavuno. Hapo ndipo hoja ya muuzaji inapojikwaa vibaya zaidi, kwa sababu hata mavuno yenyewe, yakisomwa sawasawa, yanatoa ushahidi dhidi yake. Tangu keji zilipoenea Marekani na Ulaya katikati ya karne iliyopita, watafiti wa mifugo wameweka kuku wachache na wengi katika keji za ukubwa ule ule na kuhesabu. Matokeo yamejirudia mara nyingi: kadiri unavyoongeza kuku ndani ya chumba kimoja, kila kuku hutaga pungufu, na vifo huongezeka. Mbona basi mfugaji anaongeza? Kwa sababu yeye hahesabu mayai kwa kuku, anahesabu mayai kwa keji. Tuseme chumba chenye kuku wanne kinampa mayai 290 kwa kila kuku kwa mwaka. Akiongeza wa tano, kila mmoja akashuka hadi 270, chumba kile kile kimepanda kutoka mayai 1,160 hadi 1,350. Namba hizi nimezitunga ili kuonyesha njia, ila njia yenyewe ndiyo inayotumika kweli. Kila kuku amepungukiwa, mwenye kuku amefaidika, na trei zimeongezeka. Anayetazama trei ataapa kwamba kuku wanastawi, kumbe trei zimeongezeka kwa sababu hasara imegawanywa kwa kuku watano, kila mmoja akabeba kidogo. Kati ya faida ya mfugaji na hali ya kuku kuna mahali njia zinaachana, na ni mahali hapo hapo ambapo nafasi ya keji inapangwa. Kumwachia mfugaji peke yake apange nafasi hiyo kwa kuangalia mayai ni kumfanya mshitakiwa awe hakimu.

Sasa tupime. Keji inayouzwa sana ni ile ya muundo wa herufi A yenye ghorofa tatu, inayotangazwa kuwa ya kuku 96. Kila kipande chake kina urefu wa sentimita 195 na kina cha sentimita 35, kimegawanywa vyumba vinne, na kila chumba wanaingia kuku wanne. Piga hesabu: kila kuku anapata kama sentimita za mraba 427. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile wanayonunua ofisi zote, ina sentimita za mraba 624. Kwa hiyo kuku mwenye uzito wa karibu kilo mbili anaishi zaidi ya mwaka mzima juu ya theluthi mbili za karatasi, tena karatasi yenyewe ni waya na imelazwa mteremko ili yai libingirike. Chama cha wazalishaji wa mayai wa Marekani, United Egg Producers, ambacho hakuna anayeweza kukituhumu kuwa ni cha watetezi wa wanyama, kilipoandika mwongozo wake mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiliweka inchi za mraba 67, yaani sentimita 432, na hizo ni kwa kuku mweupe mwembamba; wa kahawia, ambaye ndiye tunayemfuga zaidi, alitakiwa aongezewe. Ulaya ilitaka 550 tangu mwaka 2003, na kuanzia Januari 1, 2012 keji tupu za namna hii, zisizo na kiota, fito wala maranda, zikapigwa marufuku kabisa. Inayouzwa kwetu kama teknolojia mpya, basi, ni bidhaa isiyofikia hata kiwango cha chini kilichowekwa na wenye viwanda waliokuwa wakiitetea keji.

Namba peke yake haisemi mengi mpaka ujue kuku anahitaji kiasi gani afanye nini. Mtafiti Marian Dawkins na mwenzake Hardie walilichukua swali hilo mwaka 1989. Waliwapiga picha kutoka juu kuku wa kahawia wenye uhuru wa kujinyoosha, kisha wakapima eneo ambalo mwili unalichukua katika kila tendo. Kusimama tu kulichukua wastani wa sentimita za mraba 475. Kuchakura 856, kunyoosha bawa 893, kujisafisha manyoya 1,151, kugeuka 1,272, na kupiga mabawa 1,876. Rudi sasa kwenye chumba chetu cha keji, chenye jumla ya sentimita za mraba 1,706 kwa kuku wanne. Wanne hao wakisimama tu bila kufanya lolote, wanahitaji 1,900. Tayari chumba kimewashinda. Mmoja akitaka kugeuka kwa wastani ule, wenzake watatu wanabakiwa na 434, ambazo hazimtoshi hata mmoja wao kusimama. Na ukiwatoa wote watatu, ukamwacha mmoja peke yake kama mfalme, bado hawezi kupiga mabawa yake, kwa kuwa 1,876 ni kubwa kuliko chumba chote. Mteja wa Kariakoo anayeambiwa kuku wanaenea anaambiwa jambo lililokataliwa na hesabu za kujumlisha na kutoa.

Muuzaji mjanja atajibu kwamba kuku wanageuka, njoo uone. Ni kweli wanageuka. Manyoya hubonyea, mwili hujipenyeza, mwenzake husukumwa ukutani. Ndiyo maana ukiitazama keji ya miezi kumi utaona shingo zilizokwanguliwa upande unaosuguana na chuma cha mbele, migongo isiyo na manyoya, na kucha ndefu zilizojikunja kwa kukosa ardhi ya kuzisagia. Kugeuka kwenyewe kumelipiwa na manyoya, na manyoya yakiisha kuku hupoteza kinga ya ngozi yake na hula zaidi katika usiku wa baridi, gharama ambayo mfugaji huiona kwenye mfuko wa chakula bila kujua imetoka wapi.

Kuna wanaokubali yote hayo na bado wakasema: hiyo ni hesabu ya mwili, lakini kuku hana haja ya kupiga mabawa wala kuchakura kama chakula kipo mbele yake. Hili ni swali la haki, na jibu lake halitoki kwenye huruma. Linatoka kwa kumpa kuku nafasi ya kuchagua na kumfanya alipe. Mtafiti Christine Nicol alionyesha mwaka 1987 kwamba kuku waliobanwa kwa wiki kadhaa, wakiachiwa, hunyoosha na kupiga mabawa kwa wingi kuliko wale ambao hawakubanwa, jambo ambalo lisingetokea kama haja ingekuwa imekufa humo kizimbani. Hoja ya kiota ni nzito zaidi. Katika saa ya mwisho kabla ya kutaga, kuku huanza kutafuta mahali pa faragha. Kwenye keji hana pa kwenda, basi huhaha mbele na nyuma, hukanyaga wenzake, hupenyeza kichwa kwenye nyavu, hutoa mlio mrefu usio wa kawaida, halafu hutaga akiwa amesimama juu ya waya kwa sababu yai halingoji. Watafiti Cooper na Appleby waliweka kiota nyuma ya mlango unaohitaji kusukumwa kwa nguvu na kulinganisha na chakula. Dakika 40 kabla ya kutaga, kuku alijitahidi kukifikia kiota sawa na anavyokitafuta chakula baada ya kukaa saa nne bila kula. Dakika 20 kabla, juhudi ikawa maradufu. Huo ndio ukweli ulio nyuma ya yai linalobingirika mbele ya mteja likiwa safi: kuku aliyelitaga alikuwa, dakika chache kabla, tayari kusukuma kwa nguvu kuliko mwenye njaa ili apate kitu ambacho keji haina. Yai lile lile analoonyeshwa mteja kama ushahidi wa raha limetoka katika saa mbaya kuliko zote za siku ya kuku.

Nakiri upande mmoja kwamba huruma bila kipimo nayo hupotea njia. Baada ya mwandishi Ruth Harrison kuchapisha mwaka 1964 kitabu chake Animal Machines, kilichoshutumu ufugaji wa namna hii, serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Profesa Brambell, ambayo mwaka uliofuata ilisema mnyama wa shambani apate angalau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Kamati hiyo hiyo iliona sakafu ya wavu mwembamba inaumiza miguu, ikapendekeza nyavu nene zaidi. Mwaka 1973 watafiti Hughes na Black waliwauliza kuku wenyewe kwa kuwapa sakafu za aina mbalimbali, na kuku wakachagua ule wavu mwembamba, kwa kuwa uligawa uzito wa nyayo mahali pengi. Wataalamu waliokuwa na nia njema kabisa walikuwa wamekosea kwa kukisia. Kisa hiki wapenda keji hukitumia kuwacheka watetezi wa wanyama. Mimi nakisoma kinyume: kama kukisia kwa nia njema kunakosea, kukisia kwa nia ya faida, kwamba kuku ameridhika kwa kuwa ametaga, kuna thamani gani?

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo lakini Dar es Salaam haiwezi kulikwepa, nalo ni joto. Vipimo vyote nilivyotaja vilichukuliwa katika nchi za baridi. Kuku hana tezi za jasho. Joto likimzidi hupanua mabawa mbali na mwili ili hewa ipite, hujitenga na wenzake, na huhema mdomo wazi. Kati ya Desemba na Machi, mchana wa jiji hili unapopita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari ukawa juu, mambo hayo matatu ndiyo kiyoyozi chake pekee. Katika chumba cha sentimita 427 kwa kila mmoja, mawili ya kwanza hayawezekani: bawa halipanuki, na badala ya kujitenga amebanwa na miili mingine mitatu inayotoa joto kama yeye. Anabaki na kuhema. Kuhema nako kunaondoa hewa ya ukaa mwilini kupita kiasi, damu ikapungukiwa na kile kinachotumika kutengeneza gamba, na mayai yakaanza kuwa laini au kupasuka kabla hayajafika kwenye trei. Wanaoumia zaidi ni wa ghorofa ya juu, karibu na bati. Mabanda ya keji ya Ulaya na Marekani yana mafeni makubwa na mifumo ya kupoza. Mabanda yetu mengi yana bati na dua. Mtu akiniambia kwamba sentimita 550 za Ulaya ni anasa ya watu wenye hela, namjibu kwamba katika pwani hii 550 ni chache kuliko zilivyo kule.

Kuna pingamizi moja ambalo silidharau hata kidogo. Keji inamtenga kuku na kinyesi chake, na hiyo si faida ndogo. Katika banda la maranda lililolowa wakati wa masika, ugonjwa wa kuhara damu na minyoo huweza kufagia kundi. Kuku wa sakafuni pia hudonoana, na kudonoana kukianza kunageuka mauaji. Hata mifupa niliyoitumia kama ushahidi inaweza kunigeuka: uchunguzi wa miaka ya karibuni Ulaya umekuta mivunjiko mingi ya mfupa wa kidari kwa kuku wanaorukaruka katika mabanda ya ghorofa yenye fito za juu. Anayesema banda huru ni pepo hajawahi kulifagia. Ila angalieni mambo hayo yanatibika kwa nini. Kuhara damu kunazuiwa kwa maranda makavu, kinga ya vifaranga na kutojaza kuku kupita kiasi. Kudonoana kunapunguzwa kwa chakula kisichopungukiwa chumvi na protini, mwanga usio mkali, na kitu cha kuchakura. Aliye na kazi ya kuchakura hana haja ya kumchakura mwenzake. Mivunjiko inapungua fito zikishushwa. Yote hayo ni ya ufundi, na ufundi hujifunzwa. Mwaka 2021 mtafiti Schuck-Paim na wenzake walichapisha uchambuzi wa makundi 6,040 yenye kuku milioni 176 katika nchi 16. Waliona kwamba vifo katika mabanda yasiyo na keji vilikuwa vikipungua mwaka hadi mwaka kadiri wafugaji walivyopata uzoefu, hadi tofauti na keji ikatoweka. Mapungufu ya banda yanapungua kwa maarifa. Pungufu la keji tupu haliwezi kupungua kwa maarifa ya aina yoyote, kwa sababu ni la waya na sentimita: mfugaji hodari kuliko wote Tanzania hawezi kumfundisha kuku kupiga mabawa ya sentimita 1,876 katika chumba cha 1,706.

Nafasi ya mjini nayo? Hapa ndipo wengi hunyamaza, kwa kuwa kila mtu anajua bei ya kiwanja. Lakini hesabu hii pia haijafanywa vizuri. Kiwango cha Ulaya kwa banda lisilo na keji ni kuku tisa kwa kila mita ya mraba. Kuku 96 wanahitaji chini ya mita 11, yaani chumba cha mita tatu kwa nne kinawatosha na mita moja inabaki. Keji ya kuku hao hao inasimama kwenye eneo la mita mbili kwa mbili na ushee, lakini hakuna anayeweza kuigandamiza ukutani: lazima upite pande zote mbili kulisha na kuokota mayai, na ukiongeza njia hizo unafika mita saba au nane. Kwa mwenye keji moja au mbili, ambaye ndiye mteja wa kawaida wa fundi wa Gerezani, nafasi anayoiokoa ni mita tatu au nne kwa keji. Mwenye kuku elfu ishirini ataokoa zaidi, hilo nalikubali, lakini mwenye kuku elfu ishirini hafugi Ilala. Kuhusu bei ya yai kwa mnyonge, ni kweli kwamba kuku asiyetembea hula pungufu kidogo kwa kila yai. Ila sehemu kubwa ya gharama ya yai, theluthi mbili au zaidi, ni chakula: mahindi, pumba, soya, mashudu ya alizeti, dagaa. Mahindi yakipanda, trei inapanda, uwe na keji au usiwe nayo. Anayetaka yai la bei nafuu kwa mtoto wa Mbagala na apiganie bei ya soya kabla ya kutafuta akiba hiyo kwenye bawa la kuku. Na keji yenyewe haitolewi bure. Mtaji unaokwenda kwenye chuma ungejenga banda la ukuta nusu na wavu juu, ukanunua maranda ya msimu mzima.

Husemwa pia kwamba hizi ni fikra za Wazungu, na kwamba anayemlilia kuku wa keji amesahau kuku wa kienyeji anayechukuliwa na mwewe na kufa kwa mdondo. Kuku wa kienyeji kweli anakufa kwa mdondo, na dawa yake haikuwa kumfungia: ilikuwa chanjo inayostahimili joto iliyotengenezwa hapa hapa Temeke, ya tone la jicho, ambayo mwanakijiji anaweza kumpa mwenyewe. Hata kuku mgeni wa methali, yule asiyekosa kamba mguuni, kamba yake inamwachia uwanja wa kuchakura kuliko chumba cha keji. Mwislamu wa Kariakoo amefundishwa tangu madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, na Mkristo wa Gerezani anasoma katika Mithali kuhusu mwenye haki na uhai wa mnyama wake. Hakuna kati yao aliyengoja sheria za Ulaya. Na Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Najua sheria kuwa kitabuni si sawa na sheria kuwa bandani; ilikuwepo tayari vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilipoteketezwa na mamlaka zetu mpakani Namanga mwaka 2017. Hata hivyo ipo, ni ya kwetu, na anayesema jambo hili limeletwa kwa ndege aisome kwanza.

Sidai keji zote zivunjwe kesho. Ulaya yenyewe iliandika sheria mwaka 1999 na kuwapa wafugaji hadi 2012, miaka zaidi ya 12. Kwa maoni yangu banda la sakafu lililosimamiwa vizuri ndilo linalofaa kwa mfugaji wa mamia ya kuku, na mafunzo ya maofisa ugani yaelekezwe huko badala ya kuwa matangazo ya keji. Atakayeng'ang'ania keji, basi fundi anayeweza kuchomelea ya kuku 96 anaweza pia kuchomelea yenye sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, ndefu kwenda juu, yenye fito ya sentimita 15 kwa kila mmoja, kona yenye pazia la kutagia na sahani ya maranda. Chuma ni kile kile na moto ni ule ule. Na Wizara ya Mifugo na Uvuvi imtake kila mwenye kuuza keji abandike juu yake kipimo cha nafasi kwa kila kuku, badala ya kuandika "kuku 96" na kumwacha mnunuzi aamini.

Hadi siku hiyo, wewe unayekwenda kununua, nenda na futi kamba. Pima urefu wa chumba kimoja, zidisha kwa kina chake, gawanya kwa idadi ya kuku unaoambiwa wanaingia. Ukipata chini ya 475, muulize muuzaji kuku huyo atasimama wapi, na usikubali akuonyeshe yai.